Kichupa cha damu kiganjani: sindano ya mgongo au nusu kaputi kwa mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba

Mama alifika saa 3:20 usiku. Alikuwa amelazwa kwenye sakafu ya boti juu ya nyavu, kichwa chake kwenye mapaja ya mama mkwe. Kijiji chao kiko mwambao wa kusini wa wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, mahali ambapo ziwa ndiyo barabara. Alikuwa na miaka 22, mimba ya kwanza, wiki ya 37. Jua lilipokuwa linazama wakiwa bado majini, alikakamaa, akatetemeka mwili mzima, akapoteza fahamu. Wengine botini walimmwagia maji usoni. Mama mkwe ndiye aliyemgeuza akalala ubavu wa kushoto, akamfuta povu na kumshika taya mpaka akatulia. Naliandika hilo mwanzoni kwa sababu bila mikono ya yule mama sidhani kama tungekuwa na kisa cha kuchambua.

Mimi ni muuguzi niliyesomea kazi ya ganzi na usingizi. Usiku ule sikuwa zamu, niliitwa kutoka nyumbani. Kituo ni cha afya, kina chumba kimoja cha upasuaji, jenereta, mashine ya kuchuja oksijeni na daktari msaidizi ambaye mkono wake kwenye kisu naujua na ninauamini. Sikitaji jina, na mambo machache ya mama huyu nimeyabadilisha ili asitambulike.

Nilipoingia leba saa 3:45, mkunga alikuwa ameshafanya kazi kubwa. Presha ya kwanza ilikuwa 178/116, na kipimo cha mkojo kilionyesha protini misalaba mitatu. Alikuwa amempa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 5 kila tako, na haidralazini ya kushusha presha miligramu 5. Presha ilikuwa imeteremka hadi 158/104. Mama alikuwa ameamka, anajibu akiulizwa, analalamika kichwa. Mlango wa kizazi ulikuwa sentimita 4 tu. Chupa ilipopasuka maji yalitoka ya kijani mazito, na mapigo ya mtoto yalikuwa yakishuka hadi 96 baada ya kila uchungu, kisha yanachelewa kupanda.

"Mtoto amechoka," mkunga aliniambia.

Daktari aliamua kisu saa 3:50. Kumpeleka mjini Kigoma kwa maji, usiku, upepo unavuma, kulimaanisha kumpoteza mtoto kwa hakika na pengine mama pia. Kuanzia dakika ile swali likawa langu: nimpe sindano ya mgongo au nimlaze usingizi kamili, ile ambayo wazee wetu wanaiita nusu kaputi?

Nilipokuwa chuoni miaka mingi iliyopita, jibu la swali hili lilikuwa fupi. Mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba hachomwi uti wa mgongo, analazwa usingizi. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba ganzi ya mgongo inalegeza mishipa ya damu, presha inaporomoka, na mama mwenye ugonjwa huu anaaminika ataporomoka vibaya kuliko wengine. Ya pili ni kwamba ugonjwa huu unaweza kula chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda kwa damu. Ukichoma sindano mgongoni kwa mtu ambaye damu yake haigandi, damu inaweza kuvujia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, ikaubana uti, na mama akaamka na miguu iliyopooza.

Sababu ya kwanza haikudumu. Kadiri wataalamu walivyopima, walikuta kinyume: mama mwenye presha ya mimba kali, akipewa sindano ya mgongo, presha yake kwa kawaida hushuka kidogo kuliko ya mama mwenye afya, na dawa anayohitaji ya kuipandisha ni pungufu. Mishipa yake imekazwa na ugonjwa wenyewe, haiachii kirahisi. Sababu ya pili imebaki imara hadi leo, na ndiyo iliyonishika usiku ule.

Lakini usingizi kamili nao una bei, na kwa mama huyu bei yake ilikuwa inaonekana usoni. Nilimwomba afungue mdomo. Ulimi ulikuwa umevimba umejaza kinywa. Niliona kaakaa gumu tu, kimio sikukiona kabisa. Shingo imejaa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na nilipomuuliza mama mkwe kama ndivyo anavyozungumza siku zote, alitikisa kichwa. Sauti inayokwaruza kwa mama aliyevimba inaniambia kwamba uvimbe umefika hadi kwenye zoloto, palepale ninapotakiwa kupitisha mpira wa hewa. Hata kwa wajawazito wa kawaida, huko kwenye hospitali zenye kila kifaa, kushindwa kuweka mpira hutokea karibu mara moja katika kila 400. Kwa mama mwenye koo kama hili sikuthubutu hata kukisia. Kifaa changu cha kumulikia koo kilikuwa kimoja, na balbu yake ilikuwa na tabia ya kufifia.

Halafu kuna tumbo. Alikuwa amekula ugali na mgebuka saa kumi na moja jioni. Uchungu unachelewesha chakula tumboni, na mimba inalegeza mlango wa juu wa tumbo, kwa hiyo mama wa uchungu tunamhesabu ameshiba hata kama amefunga siku nzima. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu ya wajawazito 44,016. 66 kati yao walivuta matapishi mapafuni wakiwa wamelazwa usingizi wakati wa kujifungua. Anayemlaza mama mjamzito analibeba onyo hilo, na ndiyo maana tunafundishwa kumbana koo kwa mbele ili chakula kisipande, kumpa dawa kwa haraka mfululizo, na kutompulizia hewa kwa nguvu kabla mpira haujakaa.

Hatari ya tatu ya nusu kaputi kwa mama huyu ni ile ambayo wasio wa kazi yetu hawaifikirii. Kitendo chenyewe cha kuingiza chuma kooni kinairusha presha juu ghafla. Kwa mtu mwenye 120/80, presha itapanda kwa dakika chache, itarudi. Kwa mama aliyetoka kwenye 178, mshipa wa ubongo unaweza kupasuka mezani, na yeye yumo usingizini, hakuna atakayejua mpaka muda wa kumwamsha ufike na asiamke. Ketamini, ambayo ni rafiki mkubwa wa vituo vyetu kwa sababu haiporomoshi presha wala haikati pumzi kirahisi, hapa inageuka kuwa adui, kwani nayo inapandisha presha. Ningemlaza usiku ule ningetumia propofoli, nikitanguliza haidralazini nyingine na lignokaini kwenye mshipa ili kuituliza presha, huku nikikumbuka kwamba magnesiamu inarefusha kazi ya dawa za kulegeza misuli.

Najua hoja ya wanaosema sindano ya mgongo ni bora siku zote, nao wana takwimu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet Global Health, uliokusanya tafiti za nchi za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba ganzi na usingizi vinachangia vifo 1.2 kwa kila kina mama 1,000 wanaofanyiwa upasuaji wa uzazi, na kwamba usingizi kamili unaambatana na uwezekano wa kifo cha mama unaozidi mara tatu ule wa ganzi ya mgongo. Nazichukulia namba hizo kwa uzito. Hata hivyo, wanaolazwa usingizi ni wale waliofika wamekauka damu, waliopoteza fahamu, waliokaribia kufa. Sehemu ya pengo ni ya dawa na mikono yetu, sehemu nyingine ni ya hali waliyofika nayo. Mama akija kwangu kizazi kimepasuka, presha 70, sitamchoma mgongo hata kidogo. Nitampa ketamini na mpira wa hewa. Njia moja haiwezi kuwafaa wote.

Na mtoto? Mwaka 2003 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti uliolenga hasa kina mama wa aina hii: presha kali ya mimba na mapigo ya mtoto yasiyoridhisha, kina mama 70, nusu wakapewa usingizi na nusu ganzi ya mgongo, kwa bahati nasibu. Damu ya kitovu ya watoto wa ganzi ya mgongo ilikuwa na asidi zaidi kidogo, dalili ya kupungukiwa oksijeni. Lakini idadi ya waliohitaji kusaidiwa kupumua haikutofautiana, wala ya waliopata alama ndogo za Apgar, zile za kupima hali ya mtoto akishazaliwa. Nilichojifunza kwenye utafiti huo ni kwamba sindano ya mgongo haimdhuru mtoto aliyechoka mradi presha ya mama isiachwe ishuke, kwa sababu kondo la nyuma halina njia nyingine ya kupata damu ila msukumo wa moyo wa mama.

Kwa hiyo kila kitu kilinisukuma kwenye mgongo, isipokuwa jambo moja: damu yake inaganda?

Mashine ya maabara ya kuhesabu chembe sahani ilikuwepo, vitendanishi, yaani dawa zake za kupimia, havikuwepo. Vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla. Kilichobaki ni kipimo cha kitandani, ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umekieleza na ambacho kila mkunga anaweza kukifanya. Nilivuta mililita 2 za damu, nikazitia kwenye kichupa cha kioo kikavu, kisafi, nikakifumbata mkononi ili kipate joto la mwili. Saa ya ukutani ilisema 3:51.

Nikakaa pembeni ya kitanda kile kichupa kiko kwenye ngumi. Huruhusiwi kukitikisa. Unasubiri dakika 4 bila kukigusa, kisha unakiinamisha taratibu uone kama damu bado inateleza, na baada ya hapo unakiinamisha kila dakika. Damu njema itakuwa imeganda ifikapo dakika ya 7, na ukikipindua juu chini bonge halianguki. Ikipita dakika ya 7 bado maji, au bonge likiwa laini linavunjika, huna ruhusa ya kugusa mgongo. Upande wa pili wa kitanda mkunga alikuwa na fetoskopu sikioni, anahesabu kwa vidole: 96, 100, 94.

Dakika zile sikuzipoteza bure. Niliyapanga mezani yote ya njia ya pili: mpira wa hewa namba 6 na mwingine 5.5 kwa sababu ya uvimbe, mashine ya kufyonzea ikiwa imewashwa, mito ya kuinua mabega na kichwa. Daktari alishaanza kuvaa. Nilimwambia, "Dokta, kisipoganda tunamlaza, na uwe tayari na kisu cha shingo." Hakuuliza kwa nini: mpira ukishindwa kupita kooni, njia ya hewa hufunguliwa shingoni kwa kisu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Baba wa mtoto alikuwa kambi ya dagaa, simu haipatikani.

"Shikamoo mama," nilimsalimu, maana katika haraka ile hakuna aliyekuwa amefanya hivyo.

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnataka kumchoma mgongo. Dada yangu alichomwa hiyo, mpaka leo hainuki na ndoo ya maji. Mlazeni tu asinzie."

Nilimweleza kuhusu koo na ulimi. Nilimwambia maumivu ya mgongo yanawapata wengi baada ya kuzaa, waliochomwa na wasiochomwa. Kisha nilimgeukia mama mwenyewe, kwa sababu mgongo ni wake na akili zake zilikuwa timamu, nikamuuliza. Akasema, "Nataka nimsikie akilia." Hapo nilikosea jambo moja nitakalolieleza mbele.

Saa 3:55 nilikiinamisha kichupa: damu ikateleza, nzito. Dakika ya 5 ikasogea nusu. Dakika ya 6 haikusogea. Dakika ya 7 nilikipindua mdomo chini mbele ya taa, bonge likabaki limeshikilia kioo kama asali iliyoganda kwenye kibuyu. Nilikikabidhi kwa mkunga akitunze, kwa sababu bonge linaweza kuyeyuka baadaye na hilo nalo ni habari, tukasukuma kitanda.

Mezani alikaa, miguu ikining'inia, amekumbatia mto, mkunga amemshika mabega. "Jikunje kama jongoo, mama." Vilele vya nyonga vikiunganishwa kwa mstari vinapita usawa wa pingili ya nne ya kiuno, nikaingia nafasi ya juu yake, chini kabisa ya pale uti wenyewe unapokomea. Kwa uvimbe ule sikuzisikia pingili kwa kidole, nililazimika kubonyeza muda mrefu mpaka maji ya uvimbe yakasogea. Maji ya uti yalitoka meupe, safi, bila damu. Dawa ya ganzi ilikuwa bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2, yaani miligramu 10. Ilikuwa saa 4:06.

Tukamlaza. Baada ya dakika 3 pamba yenye spiriti haikuwa baridi kwake mpaka usawa wa chuchu. Presha iliyokuwa 152/100 ikasoma 118/74, akasema anasikia kichefuchefu. Kwa mtu mwingine 118 ni presha ya kumshukuru Mungu. Kwake ilikuwa anguko la zaidi ya moja ya tano, na mtoto aliyechoka alikuwa upande wa pili wa anguko hilo. Nilimpa efedrini ya kupandisha presha, miligramu 3. Haikutosha. Nikainua shuka kutazama nyonga ya kulia: kanga iliyokunjwa niliyomwekea ili alale ameegemea kushoto ilikuwa imeteleza ikaanguka chini tulipomgeuza. Alikuwa amelala chali, kizazi chote kimeukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Tukairudisha kanga, nikaongeza miligramu 3 nyingine. Presha ikarudi 138/90. Nilikuwa nimeitazama mashine ya presha kwa zaidi ya dakika nzima kabla ya kutazama nyonga, na ilitakiwa iwe kinyume. Dripu niliiacha ikidondoka polepole. Wagonjwa hawa ukiwajaza maji yanahamia mapafuni.

Kisu saa 4:13. Mtoto saa 4:17, msichana, kilo 2.4, hakulia. Mkunga alimkausha, akampulizia hewa kwa mpira kabla dakika ya kwanza haijaisha. Alama ya Apgar dakika ya 1 ilikuwa 4, dakika ya 5 ikawa 8. Alama hizo, kwa taarifa ya wasiojua, zilibuniwa na mtaalamu wa usingizi, Virginia Apgar, na kuchapishwa mwaka 1953. Kazi yetu haijawahi kuishia kwa mama peke yake. Alipolia, mama yake alikuwa macho, akageuza kichwa. Oksitosini ya kubana kizazi kisivuje damu tulimpa, ergometrini ya kazi hiyo hiyo hatukuigusa, kwa sababu inapandisha presha na kwa mama kama huyu imekatazwa.

Kutoka uamuzi hadi mtoto zilipita dakika 27. Dakika 7 kati ya hizo ni za kichupa. Lakini mama alikuwa ndani ya kituo tangu saa 3:20. Mkunga alipoweka kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, na kumpa magnesiamu, damu ile ile ingeweza kutiwa kwenye kichupa, na mimi ningeingia leba nikikuta jibu linanisubiri. Tungemtoa mtoto dakika 7 mapema, na pengine asingehitaji kupuliziwa. Mkunga hana kosa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipimo kile ni cha mlangoni. Kwetu kilihesabiwa kuwa kipimo cha mtu wa usingizi, na mtu wa usingizi huitwa mwisho.

Siku ya pili mama aliumwa kichwa. Hapa ndipo moyo wangu ulipiga kuliko hata usiku wa kisu, maana kifafa cha mimba kinaweza kurudi baada ya kujifungua, na maumivu ya kichwa ni mlango wake. Nilimkalisha: kichwa kikauma paji la uso na kisogo, shingo ikakaza. Nikamlaza chali: ndani ya dakika chache kikapoa. Presha ilikuwa 138/88, macho yanaona vizuri, goti linaruka likigongwa. Haya yalikuwa maumivu ya tundu la sindano, maji ya uti yanavuja polepole. August Bier, Mjerumani aliyeianzisha ganzi hii mwaka 1898, aliumwa kichwa hicho hicho baada ya kujaribiwa mwenyewe. Sindano nyembamba za geji 25 zilikuwa zimekwisha stoo, nikatumia 22, na tundu lake ni kubwa. Tulimpa paracetamoli, maji ya kutosha na chai ya rangi ya kutosha. Siku ya nne aliamka bila maumivu.

Mama mkwe alikuja akasimama mbele yangu. "Si nilisema?"

Alikuwa na haki. Nilipomweleza mlangoni nilitaja hatari za kulazwa tu. Za sindano nilizipita, kwa kuogopa kwamba akizisikia angekataa na muda haupo. Nilimwomba radhi, nikamweleza tundu la sindano ni nini, na kwa nini mgongo wa mkwewe utakuwa salama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama binti akishika mimba nyingine atachomwa tena, nami nikamjibu kwamba kwanza aanze kliniki mapema, apimwe presha kila hudhurio, na aje kuzalia mahali penye chumba cha upasuaji, kwa sababu ana kovu sasa na ugonjwa huu unaweza kurudi.

Waliondoka siku ya saba, presha 134/86, wakiwa na vidonge vya presha vya nifedipini na tarehe ya kurudi. Kwenye boksi la kifafa cha mimba pale leba, pembeni ya magnesiamu na kalsiamu, sasa kuna vichupa vitatu vya kioo vimefungwa kwenye karatasi safi. Vinatiwa damu wakati kanula inawekwa, na dakika inaandikwa kwa kalamu kwenye plasta ya mkono wa mgonjwa.